Jibu: Je, Wayahudi wa kale hawakuchora watu?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Wayahudi wa kale hawakuchora watu katika nyumba za ibada, kwa sababu ya amri ya sanamu za kuchonga. Hapana. Kuta za sinagogi la Dura-Europos, Syria, zilijaa michoro tangu takriban mwaka 244: Musa akiokotwa mtoni, Waisraeli wakivuka bahari, Ezekieli katika bonde la mifupa. Mungu haonekani, ni mkono tu ukishuka kutoka juu. Mkono ule hunigusa kila nikiutazama.

Mji huohuo Wakristo nao walikuwa na nyumba yenye kisima cha ubatizo na picha ya Mchungaji Mwema. Vyote vilisalimika kwa kuwa Warumi walivifukia kwa udongo kuimarisha ukuta wa mji dhidi ya Waajemi.