Masoko ya Krismasi: meli ya mtoni au treni?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama inafaa kumpeleka mama mwenye maumivu ya magoti kwa meli kwenye masoko ya Krismasi (vibanda vya nje vya zawadi na vyakula, vyenye mapambo ya taa) katika miji ya kando ya mto Rhine, Ulaya, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu atalala chumba kimoja safari nzima bila kuhamisha masanduku kutoka hoteli hadi hoteli. Hata hivyo, kabla ya kulipa, dai ratiba inayoonyesha saa, si siku pekee: masoko haya hupendeza zaidi gizani, nalo giza la Desemba huanza kuingia Cologne, mji wa Ujerumani kando ya mto huo, yapata saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo meli inayoondoka saa kumi na moja itawanyima kile hasa mlichokifuata. Tazama pia tarehe, maana masoko mengi ya Ujerumani hufungwa tarehe 23 au 24 Desemba, na safari ya sikukuu yenyewe (ambayo mara nyingi huwavutia wageni) huweza kukuta vibanda vinabomolewa. Ungekuwa unasafiri peke yako, ningekushauri treni na siku tatu Strasbourg, mji wa Ufaransa wenye soko la Krismasi tangu 1570.