Usitume PDF, tuma DOI

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema makala yako ya kilimo cha mwani imetoka wiki iliyopita, unauliza utaonyeshaje kwamba inasomwa nje ya chuo, ulipie programu ipi, na kwamba jioni hii unaimwaga PDF kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Hayo mengine yasubiri. Hiyo PDF usiitume, tuma DOI, ile namba ya kudumu ya makala inayofanya kazi kama kiungo cha mtandaoni.

Mimi niliituma. Makala yangu ilihusu sumukuvu kwenye mahindi yanayohifadhiwa majumbani, Dodoma. Ilitoka nikiwa nimetoka semina, na mwezeshaji alituambia waziwazi, "Sambazeni faili kila mahali, mitambo itahesabu yenyewe." Nikamwamini. Nikaipakia Google Drive, nikatuma kwa maafisa ugani, vikundi vya wakulima, wanafunzi wangu wa zamani. Ikatembea kweli, hadi mtangazaji wa redio akaisoma hewani. Miaka miwili baadaye nilifika Kongwa, nikamkuta afisa ugani ana nakala yangu mezani, imejaa madoa ya mafuta, na kipande cha kuanika mahindi juu ya turubai amekizungushia kalamu nyekundu. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Halafu nikaona ukurasa wa kwanza haupo. Waliuacha ili kuokoa karatasi. Jina langu, jina la jarida na DOI vyote vilikuwa huko.

Mwaka ule ule niliomba kupanda cheo. Kamati ikataka ushahidi kwamba utafiti umefika kwa jamii. Nikafungua Altmetric, mtambo unaohesabu makala imetajwa wapi mtandaoni na kuonyesha kwa duara la rangi: duara langu lilikuwa la kijivu tupu, na alama ya kuuliza katikati. Maombi yakarudishwa. Nilisubiri miaka mitatu kuomba tena, na mshahara ulibaki pale pale.

Yule mwezeshaji hadi leo namlaumu. Alilipwa kutufundisha jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwenyewe. Angetumia dakika tano tu kueleza kwamba mitambo hii haihesabu faili. Inafuatilia hasa viungo vya DOI au vya ukurasa wa jarida pale vinapotajwa hadharani: magazeti ya mtandaoni, blogu, Wikipedia, nyaraka za sera. Habari moja gazetini ina uzito wa 8 kwenye alama ya Altmetric, blogu 5. Grupu la WhatsApp halionekani kabisa, na kiungo cha Google Drive hakina uhusiano wowote na makala yako machoni pa mtambo. Hata wasomaji wa Mendeley, programu ya kuhifadhi makala na marejeo, huonyeshwa pembeni tu, hawaingii kwenye alama.

Sasa naandika muhtasari wa Kiswahili wa aya mbili, na chini yake naweka kiungo kinachoanza na https://doi.org/10, siyo kingine. Nikimpa mwandishi wa habari mahojiano namwomba kitu kimoja tu, aweke kiungo hicho ndani ya habari. Makala yangu iliyofuata ilipata rangi nyekundu ya habari ndani ya siku chache. Jarida likiwa la kulipia, omba nakala unayoruhusiwa iwekwe kwenye hazina ya machapisho ya chuo mtandaoni, na DOI iandikwe chini ya kila ukurasa. Kila ukurasa, siyo wa kwanza peke yake.

Na kamati usiipelekee namba tupu. Makala ya The Lancet ya 22 Mei 2020 kuhusu hidroksiklorokwini na korona ilizungumzwa dunia nzima, ikafutwa tarehe 4 Juni. Kelele zile zote zingehesabika vilevile. Mimi huambatisha nani alitaja, wapi na kwa lipi, pamoja na barua ya ofisi ya kilimo iliyotumia kazi yangu, kwa sababu redio hakuna duara linaloisikia.

Kama umeshatuma kwenye grupu hata moja, rudi sasa hivi uifute kabla hawajaifungua, uweke kiungo. Ukikwama kuipata DOI yako, niandikie hapa jina la jarida nikuonyeshe ilipo.