Fulusi ya Kilwa kwa pauni 90? Itafutie pacha kwanza

Mkuu, umeuliza kama ile fulusi ya Kilwa, yaani sarafu ya shaba ya kale yenye jina la sultani Ali bin al-Hasan, uliyoikuta mtandaoni kwa pauni 90 ni ya kweli, maana muuzaji ana sifa asilimia 100 na ameandika "imetoka ardhini juzi, Kilwa Kisiwani". Nakujibu kama mtu aliyeshapigwa, si kama mtaalamu.

Naishi Uingereza mwaka wa kumi na mbili huu. Nilianza na peni za fedha za Mfalme Edward wa Kwanza, zile zilizoanza kupigwa mwaka 1279: mbele uso wa mfalme na taji lake, nyuma msalaba mrefu wenye vitone vitatu kila pembe, na jina la mji kuzunguka. Zipo nyingi, hata mtu wa mshahara wa kawaida anazimudu. Ya kwanza kununua ilikuwa ya London, pauni 38. Kwenye picha ilipendeza kweli. Ilipofika nikaitia kwenye mizani ya sonara: gramu 1.09. Peni ya wakati ule inatakiwa icheze kwenye gramu 1.4. Nikajifariji kwamba itakuwa imekatwa kingo, kwa sababu watu wa zamani walikuwa na tabia hiyo ya kuiba fedha kidogo kidogo. Lakini yangu ilikuwa duara kamili, maandishi yote yapo. Sasa fedha ilipungua wapi?

Wiki mbili baadaye nikaiona nyingine kwa muuzaji yuleyule. Ufa uleule chini ya kidevu cha mfalme, kitundu kilekile kando ya herufi N, msalaba umesogea kushoto kwa kiasi kilekile. Moyo ukanipasuka. Sarafu za zama zile zilipigwa kwa nyundo, moja moja, kwa mkono. Hata mbili zikitoka kwenye muhuri mmoja wa kupigia sarafu, hazipasuki mahali pamoja wala hazisogei sawasawa, maana kipande cha fedha ni kingine na pigo ni jingine. Zikifanana mpaka makovu, ujue zimemiminwa kwenye kalibu moja. Tangu hapo, kabla sijatazama hata bei, nafungua orodha ya vitu alivyokwisha kuuza mtu na kutafuta pacha.

Nilipodai pesa akanijibu kwamba mali imeuzwa kama ilivyo. Bahati yangu nililipa kwa kadi ndani ya mtandao wenyewe, nikarudishiwa baada ya siku tisa. Na aliwahi kunishawishi nimtumie benki moja kwa moja anipunguzie pauni tano! Ningekubali, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Kuhusu hizo sifa asilimia 100: soma alisifiwa kwa kuuza nini. Yule wangu alikuwa na sifa zaidi ya elfu mbili, karibu zote za makava ya simu na chaja. Halafu mnunuzi mgeni husifu siku kifurushi kinapofika, kabla hajajua alichonunua. Mimi siku hizi napenda muuzaji mwenye jina na anwani, anayeandika uzito na kipenyo bila kuombwa, na anayekubali kurudishiwa sarafu hata baada ya miaka ikithibitika ni bandia. Wapo, ila bei yao iko juu kidogo. Nailipa.

Sasa fulusi yako. Hapa mizani haikusaidii sana kama kwenye fedha, kwa sababu uzito wa shaba za Kilwa unapanda na kushuka mno. Tazama maandishi. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama mishororo ya ubeti. Mwaka haumo. Fulusi ya shaba ya Kilwa yenye tarehe, iache hukohuko. Linganisha herufi na zile zilizoko British Museum, picha zake zimewekwa mtandaoni.

Halafu omba picha ya ukingo. Watu hupiga picha mbele na nyuma wakasahau kwamba mshono wa kalibu hukaa pembeni. Kutu ya kijani isikuzuzue: ya kweli imeng'ang'ania ndani ya mabonde ya herufi, ya kupaka hutoka na pamba yenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Uzee wa kutengeneza si ujanja wa leo. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alikuwa akizitia sarafu zake bandia kwenye sanduku lenye chenga za chuma, analifunga chini ya gari la farasi, anazipeleka matembezi mpaka zichakae!

Lakini kinachonitisha zaidi ni hilo neno "juzi". Akiwa anadanganya, ni mwongo na atakudanganya na mengine. Akiwa anasema kweli, ni balaa zaidi: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na havitoki nchini bila kibali. Huku Uingereza vitu vingi vinavyookotwa mashambani huandikishwa kwenye Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuweka kumbukumbu za vitu vya kale, ulioanza mwaka 1997, na muuzaji akikupa namba unafungua kumbukumbu na kulinganisha picha mwenyewe. Kwa fulusi ya Kilwa, karatasi ninayoiamini ni ya mkusanyaji wa zamani: bahasha yenye mwandiko, risiti, picha ya mnada wa miaka mingi nyuma.

Mwandikie leo. Muulize aliipata kwa nani, mwaka gani, na kibali kiko wapi. Akikutumia picha ya ukingo iweke hapa, nami nitakuwa nikipekua mauzo yake ya zamani.