Kulazimisha majina halisi hakumalizi matapeli

Ndugu unasema kila anayeandika mtandaoni aweke jina halisi na namba ya kitambulisho ndo matapeli waishe, mi nakataa kabisa. Korea Kusini walishajaribu 2007, saiti kubwa zikaambiwa zihakiki mtu kwanza kabla hajakomenti, halafu 2011 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni moja ya huko wakaondoka na data za watu kama milioni 35, na 2012 mahakama ya katiba ikaifuta ile sheria. Sasa hapo alilindwa nani?

Hata Tor mnayoilaumu, ile programu ya kuficha wewe ni nani ukiwa mtandaoni, chimbuko lake ni maabara ya jeshi la majini la Marekani. Na yule mwendeshaji wa Silk Road, soko la siri la mtandaoni lililouza dawa za kulevya, alikamatwa 2013 bila kulazimisha kila mtu ajiandikishe, aliacha imeili yenye jina lake kwenye posti ya zamani, wapelelezi wakafuatilia taratibu mpaka wakamfikia. Polisi waende mahakamani wachukue kibali kwa mtu wanayemshuku, hiyo naunga mkono. Ila mfanyakazi anayetaka kusema bosi wake anaiba, au mama aliyemkimbia mume anayempiga, ukimwambia jiandikishe kwanza ananyamaza tu.