Sebule ya Uyole si lazima ifanane na ya Masaki

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, tunaishi Uyole, Mbeya, kwenye nyumba yetu wenyewe. Sebule ni mita 4.2 kwa 3.6. Niliiga picha za mtandaoni: marumaru nyeupe, kuta nyeupe, sofa ya kona ya kijivu. Sasa mlango unagonga sofa, Juni hakukaliki kwa baridi mpaka tuingize jiko la mkaa, na nyuma ya kabati la vyombo ukuta umeota ukungu mweusi. Juu ya hayo mama mkwe katuletea vikapu na vyungu, na mume wangu anasema sebule imegeuka genge. Nifanyeje ipendeze, iwe yetu, na ikalike?

JIBU: Mwalimu, jiko la mkaa litoke leo. Watu hudhani moshi ukikata na makaa yakawa mekundu hatari imekwisha, kumbe gesi ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na nyumba zetu huku tunazifunga kila upenyo kwa ajili ya baridi. Inaua watu wakiwa usingizini. Hilo halina mjadala.

Tuje kwenye sebule. Picha ulizoiga nyingi ni za nyumba za sehemu za joto kama Masaki, Dar es Salaam, ambako sakafu tupu ya marumaru ni raha. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku tunapanga chumba kwa kufuata jua, rangi inakuja nyuma. Tuko kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la mchana huegemea kaskazini. Kama una dirisha la upande huo, hilo ndilo hita yako ya bure, na mara nyingi ndilo watu wanaloliziba kwa mgongo wa sofa na pazia zito kutwa nzima, eti wapita njia wasichungulie. Weka pazia jepesi la mchana, na zito lenye bitana ulifunge jua linapozama. Hilo zito lizidi fremu ya dirisha kila upande na lishuke hadi karibu na sakafu. Kisha siku moja ya mapumziko angalia saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mwanga unaangukia wapi. Viti viende huko.

Kabla hujasukuma chochote, chukua chaki, hiyo najua unayo. Chora sofa sakafuni kwa vipimo vyake halisi, chora mlango na njia yake ya kufunguka, kisha pita katikati umebeba sinia la chai. Njia ya kupita iwe sentimita 75 au zaidi. Kati ya sofa na meza ndogo 40 hadi 45 zinatosha. Sofa nyingi za kona ni vipande viwili vilivyoshikana kwa vyuma kwa chini. Ziinue uangalie. Ukivitenganisha na kuvikabilisha, mlango utapumua na wageni watatazamana badala ya wote kuikodolea televisheni. Kapeti lifike pale miguu inapotua, halina haja ya kujaza chumba. Tandika mkeka chini yake, ila msimu wa mvua uwe unainua kona kukagua unyevu.

Ukungu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu watu huupaka rangi juu wakadhani wamemaliza. Kwanza jua maji yanatoka wapi. Safisha na ukaushe sehemu ya ukuta huo, bandika kipande cha nailoni, kingo zote uzifunge kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wenu wenyewe: sufuria zisizofunikwa, nguo zinazoanikwa ndani, pumzi za watu, vyote vinagota kwenye ukuta wa nje ulio baridi na kabati linazuia hewa. Hapo hamishia kabati kwenye ukuta wa ndani, au livute sentimita 5 hadi 7, na fungua madirisha ya pande mbili robo saa kila asubuhi, hata kama watoto watalalamika. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni, hasa kama doa linaanzia chini na rangi inabanduka ikiacha unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Hiyo ni kazi ya fundi ujenzi, tena usikubali akupakie rangi ya mafuta hapo. Itafungia maji ndani kisha ivimbe.

Kuhusu vikapu, samahani kwa shemeji, lakini havina kosa. Kosa ni kuvipanga vyote kwa mara moja. Kikapu cha Iringa cha nyasi za milulu kimesukwa kibebe kitu: kimoja kiwe cha mablanketi ya jioni kando ya sofa, kingine cha madaftari unayosahihisha. Viwili au vitatu vya bapa vitundikwe pamoja ukuta wa ndani, mbali na ule wenye ukungu, maana milulu nayo huota ukungu. Vyungu, kama ni vya Wakisi wa kule Ziwa Nyasa, viwe juu ya viwiko vya watoto, na chenye maua kiwekewe kisahani kwa kuwa udongo hutoa jasho. Vingine vihifadhi, uwe unabadilisha. Alivyoleta mama mkwe viwe vya kuonekana ukiwa mlangoni. Huo si ubunifu, ni amani ya nyumba.

Taa: kwenye boksi tafuta kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 au 3,000. Zile za 6,500 hufanya ukuta mweupe uonekane kama wodi. Badilisha taa kabla hujafikiria kupaka rangi upya.

Rafu iwe ya mwisho kununua. Mbao za paina kutoka msitu wa Sao Hill, Mufindi, zinafaa sana na bei si ya kutisha, lakini fundi akitumia mbichi, rafu itapinda kiangazi kikiingia. Muulize zimekaa kivulini miezi mingapi, na uchague zisizobeba uzito wa maji. Kina cha sentimita 30 kinatosha vitabu na vyungu. Ukizidisha, mlango unarudi kugonga.