Mkali wa risiti na mwenye huruma, wote tunawahitaji

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii mmeuliza kama tofauti za tabia kati ya waumini zinajenga kanisa au zinaleta ugomvi tu. Mi nasali Moravian huku Uyole, Mbeya, na jibu langu ni kwamba zinajenga, tena zinajenga hata pale watu wanapovutana kwelikweli.

Angalieni mnada wa mazao baada ya ibada. Mmoja kaleta mkungu wa ndizi, mwingine debe la viazi, mwingine jogoo, basi anasimama yule kaka mchangamfu ananadi mpaka jogoo ananunuliwa, anarudishwa, ananadiwa tena, watu wanacheka na hela inaingia. Kila mtu anamsifia na kwa kweli anastahili. Ila pale mezani kuna dada haongei kabisa, yeye anaandika nani kachukua nini na nani kasema atalipa mwisho wa mwezi, bila yeye nusu ya ile furaha ingebaki ahadi hewa. Huyo sijawahi kusikia akipigiwa makofi.

Alafu kuna mhazini wetu na mzee mmoja wa kanisa. Mhazini bila risiti hatoi hata mia. Mzee yeye akigongewa mlango na mwenye shida anataka mtu apewe leo leo. Kwenye kikao wanabishana mpaka wengine tunainamisha vichwa, na wapo waliotaka mmoja wao atolewe ili tupate amani, mi nilikataa na bado nakataa. Tukibaki na mhazini peke yake mjane atakosa unga huku tuna hela benki, tukibaki na mzee peke yake mfuko unakauka kabla hata mvua hazijaisha na mjane wa mwezi wa nne anaambiwa hakuna kitu. Siku hizi mzee ndo anatumwa majumbani, maana anajua kukaa na watu wakafunguka, akirudi anaeleza na mhazini anaandika na kutoa. Bado wanabishana ni kiasi gani, na wabishane tu.

Wanaosema mabishano ni dalili kwamba Roho hayupo wasome mwisho wa Matendo 15. Paulo na Barnaba waligombana kisa Yohana Marko, aliyewaacha njiani kule Pamfilia. Barnaba anataka wamchukue tena, Paulo anakataa, Paulo anaangalia kazi, Barnaba anaangalia mtu, wakaachana kabisa, Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akamchukua Sila wakapita Shamu na Kilikia. Na kumbukeni Barnaba huyo huyo ndie aliyempeleka Paulo kwa mitume Yerusalemu wakati wanafunzi wote wanamwogopa, ipo Matendo 9, yaani moyo ule ule uliomkera Paulo ndo uliompokea yeye mwenyewe mwanzoni! Miaka imepita, Paulo yuko kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Marko yule yule. Mi nasema ukali wa Paulo ulilinda kazi na ulaini wa Barnaba ukamlinda kijana, na hakuna hata mmoja angeweza kufanya vyote viwili.

Kinachoniuma ni hawa vijana wetu wapole, kila semina wanasukumwa mbele washike maiki washuhudie, wakishindwa wanaambiwa hawajajazwa Roho. Jamani, Warumi 12 inataja kufundisha na kuonya, lakini inataja pia kuhudumu, kukirimu na kurehemu, na inasema wazi viungo vyote havitendi kazi moja. Kama kijana anaamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya huku ya mwezi wa saba anawasha moto wa chai ya watu wote wa semina, huyo tayari anahudumu, mwacheni awashe, na kwenye bajeti ya semina msisahau hela ya kuni.