Bima ya mwanafunzi: kagua kwanza uliyo nayo

SWALI: Nina miaka 20, nyumbani ni Msambweni, nasoma chuo hapa Mombasa na nimepanga chumba Tudor. Baba ni karani wa kampuni ya mizigo, hukatwa SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi. Wakala ameniletea bima ya matibabu ya Sh14,000 kwa mwaka, na nyingine ya laptopu yangu ya Sh65,000. Nina pesa za moja tu. Nichukue ipi?

JIBU: Mwanetu, usitie saini bado. Asilimia 2.75 anayokatwa baba, yaani Sh1,100 kwa mshahara wa Sh40,000, si yake peke yake. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamhesabu mtoto anayesoma kwa muda wote, asiye na kipato chake, kuwa tegemezi wa mzazi mpaka miaka 25. Wengi hukwama wakishapata kitambulisho: jina halikuunganishwa na la mzazi, na jambo hilo hujulikana siku ya kulazwa. Jisajili kwa *147#, kisha baba aangalie kwenye akaunti yake kama umo. Barua ya chuo iwe karibu.

Kwa zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, usajili pekee unatosha kutibiwa na kurudi nyumbani. Homa, tumbo, kikohozi humalizikia hapo. Kulazwa ngazi ya 4 kwenda juu, yaani hospitalini, kunataka mchango ulio hai, usio na malimbikizo. Asiye na mzazi wa kumtegemea na asiye na mshahara hulipa mwenyewe: kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, lakini huyalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, Sh3,600.

Sasa hiyo ya Sh14,000. Muulize wakala kama inalipia matibabu ya kwenda na kurudi, yaani bila kulazwa, au ni ya kulazwa tu. Bima nyingi za bei hiyo ni za kulazwa, na kijana wa miaka 20 halazwi mara kwa mara. Uliza pia muda wa kusubiri. Kwa kawaida magonjwa husubiri siku 30, na maradhi uliyokuwa nayo kabla husubiri zaidi. Kama SHA ya baba iko sawa, sisi tungeiacha.

Laptopu ndiyo yenye mitego. Bima ya wizi wa kuvunja hutaka alama za kuvunjwa: kufuli, komeo, dirisha. Ukiacha mlango wazi ukaenda bafuni ukarudi meza tupu, hulipwi. Ikiibiwa kwenye matatu au feri ya Likoni, utahitaji bima inayofuata kifaa popote, nayo ni ghali zaidi. Na usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Ukiikatia ya Sh65,000 bima ya Sh40,000, kisha skrini ikavunjika kwa Sh13,000, kampuni itagawanya kwa uwiano huo huo na kukupa Sh8,000, tena kabla ya kutoa kile kiasi cha hasara ambacho hati hutaka ujibebee mwenyewe. Risiti na namba ya kifaa vipige picha leo, na siku ya wizi upite polisi kwanza uchukue abstrakti, karatasi ya ripoti yao.

Ukiamua kununua, hakiki leseni ya wakala kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na pesa ziende kwa paybill ya kampuni. Zikiingia kwenye simu ya wakala, huenda usiwe na bima.

SWALI: Mimi hupanda bodaboda kila siku kwenda chuoni. Nikianguka, bima ya pikipiki itanilipa?

JIBU: Ikiwa imekatiwa ya kubeba abiria wa kulipa, unaweza kudai. Ikiwa ni ya matumizi binafsi, kampuni itakataa dai lako. Ajali ikitokea, kama unaweza kushika simu, piga picha ya namba ya pikipiki na uripoti polisi, maana abstrakti ndiyo itakayotaja kampuni ya bima na namba ya hati.